Kuhamisha Mafaili ya Zamani ya Kamusi katika Kanzidata za Kisasa: Kazi ya Fundi au ya Mwanaisimu?

1. Utangulizi

Tangu miaka ya 1980, tarakilishi ndogo za mezani zilipoanza kuenea katika vyuo vikuu, sehemu kubwa ya kazi za leksikografia ya lugha za Kiafrika imekuwa ikihifadhiwa katika mafaili ya tarakilishi badala ya kadi za karatasi. Orodha za msamiati zilizokusanywa nyanjani, rasimu za kamusi za lugha mbili, na majedwali ya mizizi ya Kibantu yaliingizwa mashinini kwa juhudi ya miaka mingi. Leo mengi ya mafaili hayo yamo hatarini. Programu zilizoyaunda hazitumiki tena, disketi zilizoyabeba hazipati mashine ya kuzisoma, na aghalabu watu waliokuwa wakifahamu mpangilio wake wamestaafu au wamefariki.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 1986, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) liliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, kitabu cha sensa ya mali kilichoandikwa mwaka 1086, kwa kutayarisha sensa mpya iliyohifadhiwa katika sahani za leza. Miaka kumi na mitano haikupita sana kabla ya mashine za kuzisoma sahani hizo kuwa adimu, na watafiti wakalazimika kufanya kazi maalumu ili kuyaokoa yaliyokuwamo. Kitabu cha mwaka 1086 kiliendelea kusomeka kwa macho tu.

Kwa lugha za Kiafrika uzito wa jambo hili huzidi. Orodha ya msamiati wa Kiswahili ikipotea, inaweza kukusanywa upya, ingawa kwa gharama. Lakini Kiyaaku, lugha ya Kikushi iliyosemwa katika msitu wa Mukogodo, kilikwisha kuachwa na jamii yake iliyohamia Kimaasai katika karne ya 20. Bernd Heine alipochapisha maelezo yake kuhusu lugha hiyo mnamo 1974–75, tayari wasemaji walikuwa wachache mno. Data za lugha ya namna hiyo hazikusanywi mara ya pili. Faili likiharibika, ushahidi umekwisha.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mafaili ya zamani ya kamusi yanavyohamishwa katika kanzidata za kisasa, na mahali ambapo uhamisho huo hukosea. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba upande wa mashine katika kazi hii ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa, na upande wa lugha ni mzito kuliko unavyodhaniwa. Faili la zamani halikuandika kila kitu. Mengi yalibaki kichwani mwa mtunzi wake. Kanzidata ya kisasa hudai yote yaandikwe wazi. Kati ya ukimya wa faili na dai la kanzidata pana maamuzi mengi, na maamuzi hayo ni ya kiisimu.

2. Maana ya istilahi

Faili la data ni mkusanyo wa rekodi za namna moja. Katika kamusi, rekodi moja kwa kawaida ni kidahizo kimoja pamoja na maelezo yake. Kila rekodi hugawanyika katika nyuga: uga wa umbo la neno, uga wa aina ya neno, uga wa ngeli, uga wa toni, uga wa maana, na kadhalika.

Kanzidata ni zaidi ya faili. Katika makala yake ya mwaka 1970, E. F. Codd alipendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusiana, kila jambo likiandikwa mahali pamoja tu, na uhusiano wa mambo uonyeshwe kwa thamani zilizomo katika majedwali yenyewe badala ya kutegemea mpangilio wa rekodi katika chombo cha kuhifadhia. Mfumo wa namna hii ndio msingi wa kanzidata nyingi zinazotumika leo, kama PostgreSQL na SQLite. Kila rekodi hupewa ufunguo, yaani utambulisho wake wa pekee, na rekodi nyingine ikitaka kuitaja huutaja ufunguo huo.

Kwa hiyo kuhamisha ni zaidi ya kunakili. Ni kuyatoa maelezo katika mpangilio uliotegemea nafasi na mazoea, na kuyatia katika mpangilio unaotegemea kauli zilizo bayana.

3. Mfano wa zamani katika taaluma ya Kiswahili

Kazi ya namna hii si ngeni kwa wataalamu wa Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 19 W. E. Taylor aliyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 W. Hichens akayachapisha kwa hati ya Kilatini. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi ya zamani, herufi moja ya Kiarabu ilisimamia sauti kadhaa za Kiswahili, kama vile b, p na mb. Msomaji wa Mombasa hakupata tabu, kwa kuwa lugha aliijua na neno lililokusudiwa alilitambua. Lakini mhariri aliyehamisha maandishi hayo katika hati ya Kilatini alilazimika kuchagua, kila mara, irabu ipi na konsonanti ipi. Hati mpya haikumruhusu kunyamaza.

Hali ya faili la zamani la kamusi ni hiyohiyo. Mtunzi alijua maana ya kila kifupisho chake na ya kila nafasi aliyoiacha wazi. Anayehamisha hana ujuzi huo, na chombo kipya hakimruhusu kunyamaza. Tofauti ni kwamba mhariri wa mashairi alichagua mwenyewe, neno kwa neno, na kosa lake lingeweza kuonekana na wajuzi. Katika uhamisho wa faili, programu huchagua mara elfu kumi kwa dakika moja, na kosa lake hufanana sana na data sahihi.

4. Faili la nyuga za upana maalumu

Miongoni mwa programu zilizotumiwa sana katika miaka ya 1980 ni dBASE, iliyobuniwa na Wayne Ratliff na kuuzwa na kampuni ya Ashton-Tate. Toleo lake la tatu lilitoka mwaka 1984. Muundo wa faili lake ni rahisi. Mwanzoni kuna kichwa kinachotaja jina la kila uga, aina yake na upana wake. Kisha rekodi hufuatana, zote zikiwa na urefu sawa. Usahili huo umelifanya lisomeke hata leo. Hata hivyo lina mitego minne inayomhusu mtunga kamusi.

Kwanza, jina la uga halikuweza kuzidi herufi kumi. Ndiyo sababu mafaili hayo hujaa majina kama NG_UM, TN2 au MAANA_KZ. Je, NG_UM ni ngeli ya umoja, au ni namna nyingine ya kuorodhesha umbo la umoja? Jibu halimo katika faili. Hupatikana kwa kulinganisha yaliyomo katika uga huo na sarufi ya lugha inayohusika.

Pili, uga wa maandishi haukuweza kuzidi herufi 254. Fasili ndefu ilikatwa ikawekwa katika nyuga mbili au tatu, au ilitengwa katika faili la pili la maandishi marefu. Katika hali ya kwanza kuna hatari wakati wa kuunganisha: uga hujazwa nafasi tupu hadi upana wake utimie, na programu nyingi huzifuta nafasi hizo zinaposoma. Ikiwa mkato uliangukia kati ya maneno mawili, maneno hayo yatashikana. Katika hali ya pili, faili kuu hubeba nambari tu inayoonyesha mahali fasili ilipo katika faili la pili. Anayenakili faili kuu peke yake amechukua vidahizo na kuziacha fasili.

Tatu, rekodi iliyofutwa haikuondolewa mara moja. Ilitiwa alama ya nyota mwanzoni mwake, ikabaki humo hadi mtumiaji aliposafisha faili kwa amri maalumu. Programu ya uhamisho isiyoijali nyota hiyo huyarejesha katika kamusi maneno ambayo mtunzi aliyakataa. Programu inayoijali huyaacha kabisa. Njia zote mbili zina hasara, kwa maana neno lililokataliwa ni ushahidi wa uchunguzi: yamkini mtunzi aligundua kwamba ni la lugha jirani. Linalofaa ni kuyahamisha maneno hayo katika jedwali lao wenyewe.

Nne, na huu ndio mtego mkubwa, faili la namna hii halikuwa na njia ya kutofautisha utupu wa aina mbalimbali. Uga wa maandishi usiojazwa ulikuwa na nafasi tupu tu. Chukua uga wa toni katika kamusi ya lugha ya Kibantu. Utupu wake unaweza kumaanisha kwamba neno lina toni ya chini kote, maana wanaisimu wengi huandika toni ya juu na kuiacha ya chini bila alama. Unaweza pia kumaanisha kwamba toni haijachunguzwa. Unaweza kumaanisha, tatu, kwamba mtafiti aliichunguza na hakuweza kuiamua. Kanzidata za kisasa zina thamani maalumu ya kuonyesha kwamba jambo halijulikani, nayo ni tofauti na maandishi matupu. Lakini mashine haiwezi kujua ni utupu upi uliokusudiwa. Fundi akiamua kwamba kila utupu ni kutojulikana, amefuta toni za chini zote. Akiamua kwamba kila utupu ni toni ya chini, ametunga data ambazo hazikupata kusikika.

5. Faili la alama

Aina ya pili ilienea zaidi kati ya wanaisimu wa nyanjani. Shirika la SIL lilitoa programu ya Shoebox mwaka 1987, na baadaye Toolbox iliyoirithi. Hapa rekodi si safu ya upana maalumu bali ni maandishi ya kawaida, kila mstari ukianza kwa alama ya mkwaju ulioinamia nyuma na herufi chache: \lx kwa kidahizo, \hm kwa nambari ya homonimu, \ps kwa aina ya neno, \sn kwa nambari ya maana, \dn kwa fasili katika lugha ya taifa, \xv kwa mfano wa matumizi, \cf kwa rejeo la neno jingine. Mtafiti aliweza kurudia alama kadiri alivyotaka, na fasili haikuwa na kikomo cha urefu. Ni muundo unaosomeka bila programu yoyote, na kwa hiyo umedumu.

Udhaifu wake umo katika uhuru huohuo. Uhusiano wa mistari huonyeshwa kwa mfuatano tu. Neno kichwa lina maana ya sehemu ya mwili, maana ya anwani ya habari, na maana ya injini inayovuta mabehewa. Mfano wa matumizi uliowekwa chini ya maana ya tatu ni wa maana ya tatu kwa sababu tu umeifuata. Ikiwa mtafiti aliongeza mfano huo baadaye, kwa haraka, mwishoni mwa maana ya kwanza, mwanadamu ataisoma sentensi inayotaja kichwa cha gari la moshi na kuirudisha mahali pake bila kufikiri. Programu itaifunga na maana ya kiungo cha mwili, na ikishafungwa kwa ufunguo haitafanana tena na kosa.

Marejeo nayo yanataka uangalifu. Katika Kiswahili kuna paa, mnyama wa jamii ya swala. Kuna paa la nyumba. Kuna kitenzi paa chenye maana ya kwenda juu. Na kuna paa, kuondoa magamba ya samaki. Katika faili la alama, chini ya swala huweza kuandikwa "\cf paa" na chini ya dari vilevile "\cf paa". Msomaji hachanganyikiwi. Lakini kanzidata haikubali rejeo kwa umbo la neno pekee. Inataka ufunguo wa rekodi moja kati ya hizo nne. Programu nyingi huchagua ya kwanza iliyoikuta, na dari likaunganishwa na mnyama. Marejeo yote yanayoelekea kwenye homonimu hayana budi kuorodheshwa kando na kuamuliwa na mtu anayeijua lugha.

Zaidi ya hayo, yafaa ikumbukwe kwamba faili la maandishi halikuwa peke yake. Utaratibu wa alfabeti ya lugha ulihifadhiwa katika faili jingine dogo, na daraja la alama, yaani ipi iko chini ya ipi, katika faili jingine tena. Mara nyingi yanayopatikana katika disketi za zamani ni maandishi tu. Anayebahatika kuyapata mafaili yote matatu pamoja asiyatenganishe.

6. Tatizo la herufi

Hakuna sehemu iliyoharibu data za lugha za Kiafrika kuliko herufi. Msimbo wa ASCII wa mwaka 1963 una nafasi 128 tu, nao uliundwa kwa ajili ya Kiingereza. Mashine za miaka ya 1980 ziliongeza nafasi nyingine 128, lakini kila mfumo ulizijaza kwa namna yake. Kiswahili sanifu hakikupata shida, kwa kuwa hakitumii herufi nje ya ASCII. Kikuyu, Kikamba na Kimeru, zenye irabu saba na zinazoandika ĩ na ũ, zilikwama.

Watunzi walijisaidia kwa njia mbili. Wengine walitumia î na û zenye kofia, kwa kuwa hizo zilikuwamo. Wengine walichora fonti zao wenyewe, wakaweka umbo la ĩ mahali pa herufi nyingine ambayo hawakuihitaji. Katika njia zote mbili, faili halikuwa na ĩ hata moja. Lilikuwa na nambari, na maana ya nambari hiyo ilitegemea mashine au fonti. Katika mashine za IBM za wakati huo, î ilikuwa nambari 140 na û nambari 150. Katika mfumo wa Windows wa nchi za Magharibi, nambari 140 ni Œ na nambari 150 ni kistari kirefu. Kwa hiyo jina lililoandikwa Gîkûyû katika mashine ya zamani hufunguka katika ya baadaye likiwa GŒk–y–. Kosa la namna hii angalau hujitangaza. Baya zaidi ni programu inayozitupa alama "zisizotambulika" na kubakiza i na u. Hapo irabu saba hugeuka tano kimyakimya, na maneno yaliyokuwa mbalimbali hulingana.

Tangu mwaka 1991 kumekuwa na Yunikodi, msimbo wa pamoja unaoipa kila herufi ya maandishi ya ulimwengu nambari yake, zikiwamo ĩ na ũ. Kanzidata zote za kisasa huutumia. Hata hivyo, kugeuza msimbo wa zamani kuwa Yunikodi si kubadilisha tu kila î iwe ĩ. Katika faili lenye uga wa toni, mtafiti huyohuyo huenda alitumia kofia kwa maana yake ya kiisimu, yaani toni ya kushuka. Basi î katika uga wa kidahizo ni ĩ, na î katika uga wa toni ni i yenye toni ya kushuka. Kanuni za kugeuza lazima ziandikwe uga kwa uga.

Kuna jambo la tatu. Katika Yunikodi herufi ĩ yaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama alama moja iliyokamilika, au kama i ikifuatwa na alama ya wimbi inayoelea juu yake. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa mashine isiyoambiwa ni maandishi mawili. Irabu ikibeba wimbi na toni pamoja, mara nyingi njia ya alama moja haipo. Ni lazima data zote zisawazishwe kwa njia moja kabla ya kulinganishwa, la sivyo neno moja litahesabiwa mara mbili.

Kiswahili chenyewe hakikusalimika. Ritifaa katika ng' ni sehemu ya herufi, lakini mashine huichukulia kuwa alama ya uakifishaji. Programu za kuandikia huipinda zenyewe, hivyo faili moja huweza kuwa na ng'ombe wa ritifaa iliyonyooka na ng’ombe wa ritifaa iliyopinda, na mashine ikawaona kuwa ni maneno mawili. Programu nyingine hulikata neno penye ritifaa na kuorodhesha ng na ombe. Katika lugha ya maagizo ya kanzidata, SQL, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Agizo lililotungwa bila uangalifu hukwama mara tu linapokutana na ng'aa. Inafaa kuchagua alama moja kwa hifadhi yote, kuiandika katika maelezo ya kanzidata, na kumruhusu mtafutaji atumie yoyote.

7. Ngeli, lahaja na shaka

Mafaili mengi hupitishwa katika programu ya lahajedwali yakiwa njiani kuelekea kanzidata, kwa kuwa programu hiyo inajulikana na wengi. Njia hiyo ina hatari ya pekee kwa wataalamu wa Kibantu. Ngeli zikiandikwa kwa jozi za nambari, kama 5/6, 7/8 na 9/10, lahajedwali huzidhania kuwa tarehe. Ngeli ya 9/10 hugeuka kuwa tarehe 9 Oktoba au 10 Septemba, kutegemea jinsi mashine ilivyopangwa, na thamani ya asili hupotea. Dawa ni kuuarifu mfumo kwamba safu hiyo ni maandishi kabla ya kulifungua faili, au kutolipitia lahajedwali kabisa.

Uga wa lahaja nao ni mfano mzuri wa kazi ya kutenganisha. Katika faili la zamani huweza kuandikwa "Kimvita, Kiamu" katika uga mmoja. Katika kanzidata, neno moja na lahaja zake nyingi hutaka jedwali la tatu la kuziunganisha. Hapo ndipo mtafiti ataweza kuuliza maneno yote ya Kiamu yasiyopatikana katika Kimvita. Lakini faili huwa pia na "Amu", "K.Amu" na "Lamu". Je, "Lamu" ni jina la lahaja, au ni mahali neno liliposikika kutoka kwa mtu asemaye Kipate? Kuziunganisha zote kuwa Kiamu ni jambo la amri moja tu. Kujua kama ni haki kuziunganisha ni jambo la lahajia.

Hatimaye kuna alama za shaka. Watafiti waangalifu huweka alama ya kuuliza baada ya fasili wasiyo na hakika nayo. Anayesafisha data huiona kuwa ni uchafu, huifuta, na dhana hugeuka kuwa kauli. Kanzidata njema huwa na uga wa kiwango cha hakika, na kila alama ya kuuliza huhamishwa humo.

8. Utaratibu unaofaa

Kutokana na yaliyoelezwa, utaratibu wa uhamisho unaweza kufupishwa kama ifuatavyo.

(a) Faili la asili lihifadhiwe kama lilivyo, pamoja na mafaili yote yaliyoandamana nalo, lisiguswe tena. Kazi yote ifanywe juu ya nakala.

(b) Kabla ya kugeuza chochote, ihesabiwe kila nambari ya herufi iliyomo katika kila uga, na kila alama iliyotumiwa. Hesabu hii fupi hufichua tahajia na makosa mengi kuliko kusoma kwa siku nzima.

(c) Data ziingizwe kwanza katika jedwali la muda, zote zikiwa maandishi, bila kusahihishwa. Mageuzi yafuate humo kwa kanuni zilizoandikwa katika programu, si kwa kusahihisha kwa mkono, ili kanuni ikionekana kuwa mbaya kazi yote irudiwe upya.

(d) Kila uamuzi wa kiisimu uandikwe pamoja na sababu yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kanzidata isiyo na maelezo yake ni mali ya namna hiyo.

(e) Hesabu zilingane. Rekodi zilizoingia ziwe sawa na zilizotoka pamoja na zilizokataliwa, na kila iliyokataliwa iwe na sababu.

(f) Kutoka katika kanzidata mpya litolewe faili la muundo wa zamani, lilinganishwe na la asili. Kila tofauti iwe na maelezo. Jaribio hili ndilo kali kuliko yote, kwa kuwa huonyesha kilichopotea hata pale ambapo hakuna aliyekishuku.

(g) Sampuli ya rekodi isomwe kwa sauti na msemaji wa lugha. Mashine huhakiki ulinganifu. Ukweli huhakikiwa na sikio.

(h) Pamoja na kanzidata yenyewe, itunzwe nakala ya maandishi ya kawaida yenye alama zilizofafanuliwa. Mifumo ya leo nayo itazeeka.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mitego ya uhamisho haimo hasa katika kusoma faili la zamani. Mafaili ya dBASE na ya Shoebox yanasomeka hadi leo, na programu za kuyafungua zipo bila malipo. Mitego imo katika yale ambayo faili halikuyasema: maana ya utupu, mwelekeo wa rejeo, thamani ya î, asili ya neno "Lamu". Fundi hawezi kulaumiwa kwa kutoyajua hayo, wala hapaswi kuachiwa ayaamue peke yake. Kwa upande mwingine, mwanaisimu asiyejua kwamba rekodi iliyofutwa ina nyota, au kwamba fasili zake zimo katika faili la pili, hataweza hata kumwuliza fundi swali linalofaa. Kazi ni ya wawili.

Mwisho, suala la wakati. Mtunzi wa faili akiwa hai, swali la NG_UM hujibiwa kwa mazungumzo ya dakika moja. Akiwa hayupo, huenda likachukua wiki ya uchunguzi, na jibu likabaki la kukisia. Kwa hiyo idara ambazo bado zina mafaili ya miaka ya 1980 na 1990 zingefanya vyema kuanza, si kwa kununua mfumo mpya, bali kwa kuketi na waliotunga mafaili hayo na kuandika maana ya kila uga na kila kifupisho. Kurasa chache za maelezo hayo zina thamani kubwa kuliko programu yoyote ya kugeuzia, na ndizo zisizoweza kupatikana tena zikishakosekana.